Muulize Dada Mhandisi: makaa yanayojiwasha, hesabu za PCM na mali ya Kusini

Habari zenu wasomaji wa Mtwara, Lindi na nyie wa Kusini mliotawanyika mikoa mingine. Mwezi huu barua zimekuja nyingi, nimechagua tano, na naomba msinikatie tamaa jibu la kwanza likiwa refu maana hilo swali limenigusa, lina mtu ndani yake anayeteseka bila kosa. Twende.

SWALI: Dada Mhandisi habari za kazi. Mi ni dereva wa semi, nabeba makaa ya mawe toka Ngaka kule Mbinga naleta Mtwara bandarini. Juzi kwenye yadi moja tunayomwagia mzigo kusubiri meli, lundo la makaa lilianza kufuka moshi usiku. Hakuna aliyevuta sigara pale, umeme uko mbali, na mvua ilikuwa imenyesha siku mbili nyuma. Watu wakasema ni hujuma, kijana wa ulinzi wa zamu ile amesimamishwa kazi mpaka leo. Je inawezekana makaa yakajiwasha yenyewe? *Dereva, Masasi*

JIBU: Inawezekana kabisa kaka yangu, tena ni jambo linalojulikana kwenye kila bandari na kila mgodi wa makaa duniani, na huyo kijana naomba bosi wake asome hapa mpaka mwisho kabla hajaamua chochote.

Makaa ya mawe yakiwa chini ya ardhi yametulia maana hewa hayaioni. Ukishayachimba ukayavunja, oksijeni inaanza kujishika kwenye uso wa kila punje na kila inapojishika inatoa joto kidogo, kidogo mno, ukishika kipande kimoja mkononi husikii kitu. Huo ni moto tayari ila unaenda polepole sana, hauna mwali wala moshi. Shida inaanza pale vipande vinapokuwa vingi na vumbi ni jingi, maana vumbi lina uso mkubwa kuliko mawe makubwa ya uzito uleule, na vimerundikwa pamoja. Na mvua mnayodhani imezima ndiyo inaweza kuwa imechochea, makaa yaliyokauka yakilowa yanatoa joto lake la kulowana, alafu maji yakikauka yanaacha nyufa ambazo hewa mpya inapita.

Sasa kwanini lundo dogo halifuki na kubwa linafuka? Hapa ndipo hesabu inapoingia na naomba usiruke. Ugali wa sufuria nzima unakaa na moto katikati hata nusu saa, ila tonge ulilokata linapoa kabla hujachovya mchuzi, unga ni uleule na moto ulikuwa uleule. Joto la lundo linazaliwa kila mahali ndani yake, lakini kutoka ni lazima lisafiri mpaka juu, na kadiri kimo kinavyoongezeka safari inakuwa ndefu na yanayozalisha yanakuwa mengi, vitu viwili vinapanda kwa pamoja, kwahiyo hatari haipandi mara mbili unapoongeza kimo mara mbili, inapanda mara nne. Ukienda mara tatu, ni mara tisa.

Warusi wawili ndio waliolikalia hili swali vizuri. Nikolai Semenov mwaka 1928 aliandika mizani ya joto linalozaliwa na joto linalopotea akaonyesha kuna mstari ukiuvuka hakuna tena mahali pa kutulia, joto linajizidisha lenyewe mpaka kuwaka, huyu baadaye alipewa Nobel ya kemia mwaka 1956. Kisha mwishoni mwa miaka ya 1930 David Frank-Kamenetskii akafanya kazi iliyokamilika zaidi, akachukua ikwesheni ya joto akaiwekea kemia ndani, akapata namba moja tu ya kuamua kila kitu. Namba hiyo inakusanya ukubwa wa lundo ukiwa umezidishwa kwa wenyewe, ukali wa kemia, joto la mazingira na uwezo wa lundo kupitisha joto. Kwa tabaka bapa namba ikivuka 0.88 tabaka linaenda kuwaka, kwa umbo la gogo ni 2, kwa umbo la mpira ni 3.32. Mi kila nikiiangalia hii nashangaa, mtu amekaa na kalamu akakwambia lundo gani litalala salama na lipi litaamka na moto.

Alafu joto la hewa nalo. Kemia ya namna hii ikipanda nyuzi 10 kasi yake inaongezeka karibu mara mbili mpaka tatu, sasa makaa yaliyopakiwa yakiwa bado ya moto toka juani, ukayamwaga yadi ya Mtwara mchana wa Desemba, umeshaanza safari ukiwa katikati ya njia. Na muda pia ujue, joto ndani ya lundo linasafiri taratibu ajabu, kwa makadirio kupita sentimita 10 za makaa ni kama siku moja na ushee, ila kupita mita moja ni kama miezi minne, maana na hapa tena umbali unazidishwa kwa wenyewe. Kwahiyo ukipita pembeni ukaweka mkono juu ukaona poa, hujapima kitu. Ndani kunaweza kuwa na nyuzi 80 na nje hakuna dalili hata ya mvuke.

La kufanya sasa. Malundo yawe mafupi na yashindiliwe kwa greda ili hewa isipite ndani, mteremko wa pembeni usiwe mkali maana upepo wa bahari unaingilia pale. Yaliyotangulia kuingia ndiyo yatangulie kutoka, hili madereva mnalijua linavyopuuzwa meli ikichelewa, mzigo mpya unamwagwa juu ya wa zamani na wa zamani unakaa chini miezi. Wapime joto kwa fimbo ndefu yenye kipimajoto mpaka katikati, kila siku, waandike kwenye daftari. Wakiona inapanda kuelekea nyuzi 60 wasisubiri moshi, walichimbue lile eneo walitandaze chini jembamba lipoe. Kumwagia maji juujuu lundo ambalo ndani limeshakuwa jekundu ni hatari, maji yakikutana na makaa mekundu yanatengeneza haidrojeni na kaboni monoksaidi, moja inalipuka na nyingine inaua bila harufu. Kwa sababu hiyohiyo mtu asilale kwenye kibanda kilicho upande upepo unakoelekea toka kwenye lundo linalofuka.

Na kwa bosi wa yadi: daftari la joto la wiki mbili zilizopita lipo? Kama halipo, huna ushahidi wowote juu ya yule kijana, mrudishe kazini na umlipe siku zake. Makaa yanaleta hela Mtwara, barabara ya Songea, Tunduru, Masasi imechangamka kwa ajili yake, ila yanataka watu waliofundishwa kuyatunza na hao hawatokei wenyewe.

SWALI: Dada shikamoo. Niko kidato cha sita, PCM (fizikia, kemia na hesabu), wilaya ya Masasi. Tumefika kwenye diferensho ikwesheni, darasa zima tunakariri tu ili tufaulu. Baba anasema bora ningeenda kusoma kozi ya gesi moja kwa moja niajiriwe, hesabu hizi hazina kazi Kusini. Nimjibu nini? *Mwanafunzi*

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Soma kwanza jibu la juu la makaa, ile ni diferensho ikwesheni, yaani hesabu ya kitu kinavyobadilika, imekaa yadini Mtwara inafuka moshi.

Nikusimulie kidogo. Mwaka 1822 Mfaransa Joseph Fourier alitoa kitabu chake cha joto, kiini chake ni kwamba joto la mahali linabadilika kwa kasi inayotegemea jinsi mahali hapo palivyotofautiana na majirani zake wa pande zote, ukiwa na moto kuliko wastani wa majirani unapoa, ukiwa baridi kuliko wao unapashwa. Basi. Hiyo nayo ni diferensho ikwesheni, ndugu wa zile mnazokariri. Mwaka 1856 Mfaransa mwingine, Henry Darcy, mhandisi wa maji wa mji wa Dijon, alipitisha maji kwenye mchanga akapima, akaona maji yanapita kwenye mchanga kwa kufuata tofauti ya presha vilevile joto linavyofuata tofauti ya nyuzi. Mwaka 1935 Mmarekani Charles Theis alitaka kujua kisima kikivutwa maji kinashusha vipi maji ya jirani, hakuanza upya, alichukua jibu la joto lililokwisha kukokotolewa akabadilisha majina ya herufi.

Sasa njoo Msimbati, hapahapa Mtwara. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982, na haipo kwenye pango au tenki chini huko kama watu wengi wanavyodhani, imejibana kwenye vitundu vidogo vya mwamba wa mchanga. Wahandisi wanajuaje iko kiasi gani na itatoka mpaka lini wakati hakuna anayeweza kushuka kuangalia? Wanafungua kisima kinatoa, alafu wanakifunga na kukaa wanatazama presha inavyopanda kurudi, saa kwa saa. Mwaka 1951 Horner alionyesha ukiichora ile presha kwa mizani ya logi unapata mstari ulionyooka, mwinamo wake unakwambia mwamba unapitisha gesi kirahisi kiasi gani, na mstari ukipinda baadaye unakwambia kuna ukuta mbali kule, mwamba umekatika. Ni ikwesheni ya Fourier ileile. Anayeijua anakaa mezani na mwekezaji anasema namba yako ya akiba ya gesi nimeirudia mwenyewe sikupata hivyo, na asiyeijua anaisoma ile namba kwenye ripoti anaikubali.

Hata moto wa jiko. Mwali una spidi yake ya kutembea kwenye mchanganyiko wa gesi na hewa, kwa gesi yetu ya asili ni karibu sentimita 40 kwa sekunde, na hiyo spidi inafuata mzizi wa pili wa vitu viwili vikizidishwa, jinsi joto linavyosambaa na jinsi kemia inavyokimbia. Gesi ikitoka kwenye tundu kwa kasi kuliko mwali, moto unaruka juu na kuzimika, ikitoka polepole kuliko mwali, moto unarudi ndani ya bomba. Mhandisi wa bena, kile kichwa cha jiko kinachotoa moto, kazi yake yote iko katikati ya hayo mawili. Na ukisikia watu wanataka kuchanganya haidrojeni kwenye gesi ujue hesabu inaanza upya, maana mwali wa haidrojeni unakimbia mara nyingi zaidi ya huo.

Kwa baba mwambie hivi, kwa heshima: kozi ya ufundi ni nzuri na VETA wapo hapahapa Mtwara na Lindi, mwenye moyo wa kushika spana aende na wala asione kapungukiwa, ila ukiwa na hesabu unabeba kitu kinachofaa kwenye gesi, makaa, maji ya visima na hata tanuri la saruji, kazi moja ikifungwa hujafungwa wewe. Na usikariri tena. Chukua ikwesheni ya joto, weka namba za ugali wa nyumbani kwenu, kokotoa utapoa lini, alafu kaa na saa uone.

SWALI: Dada habari. Sisi ni kikundi cha akina mama wabanguaji wa korosho Newala. Tunatumia maganda kuwasha moto wa kukaangia, yanawaka vizuri sana ila moshi wake unatuua, macho yanawasha, mmoja wetu kapata vipele usoni. Kuna namna? *Mwenyekiti wa kikundi*

JIBU: Ipo dada yangu, na poleni. Mafuta yaliyo kwenye ganda ndiyo yale yale yanayowachubua mikono, na karibu robo ya uzito wa ganda ni hayo mafuta. Ganda likipashwa, mafuta yanageuka mvuke kabla ya kuwaka, na mvuke ukitoka bila kuungua ndio unakuja kukaa usoni kwenu na kwenye mapafu. Moshi mweupe au wa manjano mzito ni mafuta yametoroka, moshi mweusi ni masizi, kuna moto ila hewa haikutosha. Vyote viwili ni kuni zenu zinapotea hewani.

Mvuke ukitaka uungue wote unahitaji joto kali, muda wa kutosha ndani ya joto hilo, na kuchanganyika vizuri na hewa. Ulaya matanuru ya taka yana kanuni ya nyuzi 850 kwa sekunde 2, nyie hamfikii hapo ila mkielekea huko mtaona tofauti. Kwahiyo jiko la mafiga matatu wazi hapana. Jengeni kwa tofali la udongo wa kichuguu chumba cha moto kirefu kidogo kwenda juu, cha chini maganda yanaungua na hewa kidogo, alafu juu yake, mahali mvuke unapopita, wekeni matundu madogo ya kuzunguka yanayoingiza hewa ya pili, na hiyo hewa ipite kwanza kwenye ukuta wenye moto ili iingie imeshapashwa. Bomba la moshi lipande juu ya paa. Maganda yatiwe machache machache kila baada ya muda mfupi, msimwage kikapu kizima kwa mpigo maana hapo mnapoza moto na mvuke wote unatoka kwa pamoja, hii peke yake hata bila kujenga kitu itapunguza moshi leo hii.

Bora zaidi ni kukamua mafuta kwanza. Yana soko, viwanda vinayatumia kwenye rangi na bitana za breki, na ganda lililokamuliwa linawaka kwa utulivu zaidi. Mashine si ya bei ya kikundi kimoja, ila vikundi kadhaa mkiungana kupitia AMCOS yenu, yaani chama chenu cha ushirika, inaongeleka. Na maganda hayo msikaushie samaki wala kuchomea kitu chochote cha kula kinachopitiwa na moshi, tafadhali.

SWALI: Mjukuu wangu, mimi nina miaka zaidi ya sabini, naishi Lindi mjini. Utotoni nimeona reli ya karanga, nikaona ikang'olewa. Nimeona gesi ya Songo Songo, nikaona bomba la Mtwara. Sasa naambiwa kinywe (grafaiti) Ruangwa, nikeli Nachingwea, LNG (gesi iliyogeuzwa kimiminika) Likong'o. Nikuulize bila kuficha, madini yanajenga mji au yanapita tu? *Babu wa Lindi*

JIBU: Shikamoo babu. Swali lako ndilo nililotaka kuandika muda mrefu.

Reli uliyoiona ilijengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza uliodumu 1947 mpaka 1951, walifungua mashamba Kongwa, Urambo na Nachingwea, wakaleta matrekta kabla hawajajua udongo na mvua vizuri, ukafa ukiwa umekula zaidi ya paundi milioni 35. Reli ya kutoka Mtwara ikabaki haina mzigo, mwaka 1962 ikafungwa. Kilichobaki ni bandari ya Mtwara, na hiyo bandari ndiyo leo inapitisha korosho na makaa. Kwahiyo hata mradi uliokufa uliacha kitu, ila ulichoacha hakikuwa kile walichokusudia.

Gesi ya Songo Songo iligunduliwa 1974, ikaanza kwenda Dar es Salaam 2004, miaka 30 baadae. Bomba la Mtwara, kilomita 542, likakamilika 2015, na katikati hapo, Januari na Mei 2013, Mtwara iliumia, watu walikufa kwenye zile vurugu na mi sitaki tuzungumzie gesi kana kwamba hilo halikutokea. Watu walikuwa wanauliza swali lako wewe babu. Tumeona viwanja vinapanda bei, gesti zinajengwa kila kona, kisha makampuni ya utafiti wa baharini yakapunguza kazi na vyumba vikabaki wazi. Upande mwingine kiwanda cha saruji cha Dangote kilifunguliwa 2015, uwezo wake tani milioni 3 kwa mwaka, na tangu 2018 kinatumia gesi yetu, klinka, ile inayosagwa kuwa saruji, inataka nyuzi 1450 kwenye tanuri na mtambo mzima unakula umeme balaa, kwahiyo hapo gesi imegeuka saruji na ajira hapahapa Kusini. Hiyo ni tofauti kubwa na gesi inayopita tu ndani ya bomba.

Kinywe ni hivyohivyo. Ukichimba Ruangwa, ukasaga, ukaelesha kwa povu, unapata unga wenye kaboni kama asilimia 95, unapakiwa kwenye magunia makubwa unaenda. Ila betri ya gari la umeme inataka asilimia 99.95, tena punje zikiwa zimeviringishwa duara, na sehemu kubwa sana ya kazi hiyo duniani inafanyika China. Kati ya 95 na 99.95 ndipo hela ilipo, ni namba ndogo kwenye karatasi lakini ni kemia ngumu, tanuri kali na wataalamu wengi. Sheria yetu tangu marekebisho ya 2017 inaipa serikali hisa zisizofifishwa, yaani kampuni ikiongeza hisa za serikali hazipungui, za angalau asilimia 16 kwenye migodi mikubwa, mrabaha wa kinywe ni asilimia 3, halmashauri inapata ushuru wa huduma ambao nao ni asilimia ya mauzo, na mgodi unatakiwa ukubaliane na halmashauri mpango wa kila mwaka wa kusaidia jamii. Mi nasema haya yote ni mazuri na diwani wako muulize kwa jina kila moja, mpango wa mwaka huu uko wapi, umebandikwa ukuta gani. Ila asilimia zinahesabiwa juu ya bei ya kile kilichouzwa, ukiuza unga ghafi unapata asilimia ya unga ghafi.

Watu wanatajaga Botswana. Ni kweli, almasi za Orapa ziligunduliwa 1967, mwaka mmoja baada ya uhuru wao wakiwa masikini kweli, walijadiliana kwa ukali, wakajenga shule, mwaka 1994 wakaanzisha mfuko wa akiba, na mwaka 2013 kazi ya kuuza almasi ikahama London ikaja Gaborone. Nawaheshimu sana. Ila bei ya almasi iliposhuka miaka hii ya karibuni bajeti yao imetikisika, maana baada ya miaka yote hiyo bado wanategemea jiwe moja.

Mi mfano wangu naupata karibu zaidi babu, kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele. Unakumbuka korosho ilivyokufa? Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna kama tani 145,000, katikati ya miaka ya 80 tukawa chini ya 20,000. Watu walihamishwa vijijini mashamba yakabaki, bei ikawa mbovu, alafu ubwiriunga ukaja ukamaliza maua. Waliokaa chini wakaujua ule ugonjwa, wakapima salfa ipulizwe kiasi gani na wakati gani, wakachagua miche inayovumilia, walikuwa kituo cha utafiti hapohapo kilomita chache toka Mtwara mjini, wakulima wanaingia na kutoka. Korosho ikafufuka. Hakuna mwekezaji aliyetuletea hilo.

Sasa niambie, kwa kinywe, kwa gesi, kwa makaa, Naliendele yake iko wapi Kusini? Mawe yanatobolewa Ruangwa na Nachingwea, sampuli zinasafiri kwenda kupimwa mbali, majibu yanarudi kwa kampuni, kijana wa Nachingwea aliyebeba lile boksi la mawe hajui ndani yake kulikuwa na nini. Mchimbaji mdogo wa Lindi hana pa kupimia jiwe lake kwa bei anayoiweza, kwahiyo bei anaambiwa na mnunuzi, tunarudi kwenye kangomba ya madini, kama ile ya walanguzi wanaomnyonya mkulima wa korosho. Yadi ya makaa haina fimbo ya joto. Akina mama wa Newala wanaumia na moshi ambao mwanafunzi mmoja wa uhandisi na mtu wa hesabu wakikaa nao msimu mmoja wangeumaliza. Nataka maabara Kusini, ya kupima mawe, kupima mafuta na gesi, na kujaribu matanuri, na itengewe sehemu ya fedha hizo za mpango wa jamii za migodi, hata kabla ya ukumbi mwingine wa mikutano. Kwahiyo babu jibu langu ni kwamba yanapita, mpaka pale tutakapokuwa na watu wetu wanaokaa nayo na kuyajua, na hao tunao, mmoja wao yuko darasani Masasi kaandika barua hapo juu.

SWALI: Dada Mhandisi, nimeunganishiwa gesi ya bomba nyumbani hapa Mtwara mjini. Jiko langu la mtungi nikilichomeka kwenye bomba moto unakuwa mdogo sana, chai inachukua saa. Gesi yetu ni dhaifu? *Mama wa Shangani*

JIBU: Gesi ni nzima dada, jiko ndilo halijabadilishwa. Gesi ya mtungi ni propeni na buteni, nzito, mita moja ya ujazo ya propeni ina megajuli kama 93, wakati ya bomba ni metheni yenye kama 36 tu. Tundu la nozeli la jiko la mtungi ni dogo kwa sababu linapitisha gesi nzito yenye nguvu, ukilipitishia metheni nguvu inayotoka ni kidogo mno. Inatakiwa nozeli yenye tundu kubwa zaidi ya gesi asilia, na hewa irekebishwe mpaka mwali uwe wa bluu, ukiona manjano hewa haitoshi na sufuria zitapata masizi.

Usimruhusu mtu akutoboe hiyo nozeli kwa msumari, tundu likipinda mwali unapinda nao. Mwite fundi wa waliokuunganishia, na siku ukirudi kutumia mtungi rudisha nozeli ya zamani kabla hujawasha, maana ya tundu kubwa ikipata gesi ya mtungi moto utafika kwenye pazia. Na kingine, ya mtungi ikivuja inakaa chini sakafuni, ya bomba inapanda juu darini, kwahiyo jikoni kwako hakikisha kuna tundu la hewa juu karibu na dari, siyo dirisha la chini peke yake.